Namalwa wa Samaki

Ephantus alikuwa anakula amesimama, sahani ya githeri juu ya kabati na kiwiko ukutani. Dada yake Nyaguthii akamwambia kwa mara ya sijui ngapi kwamba anafanana na mgeni asiyejua kama amealikwa.

"Daktari alisema nisikae."

"Alisema usikae sana. Kwani ule mto ni wa nini?"

Mto wenyewe ulikuwa sponji nene lililokatwa shimo katikati, kazi ya Tanveer, fundi wa viti vya magari pale mjini Nakuru. Tanveer alipoonyeshwa kipimo aliuliza kama ni wa mama aliyejifungua. Ephantus akasema ndiyo, ni wa mama aliyejifungua. Hebu mwone mtu huyu! Ametoka Nairobi kupasuliwa, kovu bado jekundu kwenye tako la kushoto, na bado anamdanganya fundi wa sponji ambaye hata hamjui.

Lakini kudanganya juu ya jambo hili alikuwa amekuzoea. Kwa miaka aliendesha lori la kubeba mabomba ya kupeleka Olkaria, kule wanakochimba mvuke, na maumivu yalimwanzia kwenye kiti cha lori lile. Kwanza ganzi, halafu moto. Shida ilikuwa mahali penyewe. Palikuwa katikati ya miguu, kuanzia nyuma kuja mbele, pale ambapo mwanamume hapataji mbele ya wenzake ila kwa mzaha. Akikaa ni kama amekalia jiko. Akilala na mke wake Mugure, siku ya pili hatembei sawasawa. Alienda kwa muuza dawa, yule bwana akamkonyeza jicho na kumpa vidonge vya kisonono. Ephantus akavimeza vyote, na kisonono hakuwa nacho. Baada ya hapo akafunga mdomo.

Akaanza kumkwepa mke wake. Leo amechoka, kesho analala Naivasha na lori, keshokutwa kichwa kinamuuma. Mugure alikuwa binti wa watu wa Kabazi, mtu wa kuongea wazi, na hakuwa wa kuzungushwa. Siku moja alimlaza mtoto wao Natalie, akaja akasimama mlangoni.

"Baba Natalie, kuna mtu mwingine?"

Hapa ndipo ningependa kumshika huyu bwana mashati nimtikise. Njia ilikuwa nyeupe mbele yake. Angesema tu, mama, naumwa, tena naumwa mahali pabaya, nisaidie. Badala yake alifikiria madereva wenzake. Mwenye mwanamke wa nje wangemkemea kidogo na kumcheka kidogo, kisha wamnunulie soda. Lakini yule asiyeweza kitandani, huyo walikuwa na jina lake, na jina hilo hata mimi sitalitaja hapa. Akachagua aibu ambayo aliona ataweza kutembea nayo.

"Ndiyo," akasema.

"Anaitwa nani?"

Hilo hakuwa amelitayarisha. Likamtoka jina la kwanza lililofika mdomoni.

"Namalwa. Anauza samaki pale Karagita."

Namalwa alikuwako kweli. Alikaanga samaki kando ya barabara pale Karagita, ng'ambo ya Naivasha, na Ephantus alikula kwake kila alipopeleka mabomba. Wenzake walimcheka kwa kula wima kama punda. Namalwa hakumcheka hata mara moja. Alimwekea sahani juu ya pipa, akamwambia karibu boss, akarudi kwenye karai lake. Basi, hayo ndiyo yaliyokuwa kati yao, na zaidi ya hapo hakuna.

Mugure alimchukua Natalie akarudi kwa wazazi wake Kabazi. Ephantus akabaki na nyumba, na maumivu yake, na sifa ya mtu wa wanawake ambayo haikumsaidia kwa lolote. Mwaka na zaidi ulipita, ikafika siku hakuweza kabisa kupanda lori. Hapo ndipo dada yake alipomburuta mpaka Nairobi kwa daktari wa neva, na kwa bahati yake daktari akawa mwanamke kijana, Daktari Ankita. Ephantus alitamani ardhi ipasuke. Daktari hakukonyeza jicho. Aliuliza maswali yake yote kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, akapima, akampiga picha, mwisho akamweleza kwamba kuna neva imebanwa ndani ya tako, kati ya kano mbili, kama waya uliobanwa na mlango wa gari. Si laana wala ugonjwa wa zinaa. Watafungua, wataiachilia, kisha ataivumilia, kwa sababu neva hupona polepole na hupona kwa vituko.

"Hii hupata watu wengi wanaokaa sana," daktari akasema. "Mke wako anasemaje?"

 Kumbe ilikuwa kitu chenye jina, kitu ambacho daktari kijana angeweza kukitaja akiwa na kalamu mkononi, na dunia isianguke! Ephantus alilia pale pale juu ya kitanda cha daktari, na Daktari Ankita akadhani ni uoga wa kisu.

Sasa kisu kilikuwa kimepita. Alikuwa analala ubavu, anatembea mpaka kwenye geti na kurudi, anameza dawa zinazomfanya asinzie katikati ya maneno. Kuna siku moto ulipungua akaimba. Kuna siku ulirudi wote, na umeme juu yake, akauma shuka. Lakini hayo ameambiwa na ameyakubali. Alichotaka ni kitu kimoja tu, Mugure arudi nyumbani. Nyaguthii alichoka kumsikia akiugua kwa mambo mawili. Akampigia Mugure simu.

Mugure alikuja asubuhi na kuku wa kienyeji na mboga za shambani, maana mgonjwa ni mgonjwa. Alikuwa amekonda usoni. Akamsalimu kwa heshima tu, kama unavyomsalimu mwalimu wa mtoto. Nyaguthii akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli sokoni.

Ephantus akasema. Alikuwa amelala ubavu, uso kwa ukuta, na hakuthubutu kugeuka mpaka amalize yote: kiti cha lori, moto, muuza dawa, na siku ile ya mlangoni.

"Hakukuwa na mwanamke, Mama Natalie. Nilikuwa naumwa, nikaona aibu. Haki ya Mungu, hakukuwa na mtu."

Alingoja. Alikuwa ameota maneno hayo kwa wiki nyingi, na katika ndoto zake Mugure hulia, kisha hucheka, kisha humwita mjinga na kumletea chai.  Ephantus akageuka, na neva ikamuadhibu kwa kugeuka. Mugure alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na Namalwa?"

"Yule ni mama wa kuuza samaki tu. Nilitaja jina lake kwa sababu ndilo lililokuja."

"Uui," Mugure akasema polepole. "Uui, Ephantus. Mimi nilienda."

"Ulienda wapi?"

"Karagita. Kabla sijaenda kwetu. Niliuliza Namalwa wa samaki ni nani, nikaonyeshwa. Nikapindua karai lake, samaki wote wakamwagika kwa vumbi. Nikamtukana mpaka sauti ikaisha. Watu wakajaa. Alikuwa ananiambia, 'Mama, mimi mume wako simjui,' na mimi nikamwambia wote husema hivyo." Akashusha mikono. "Bwanake alikuwa hapo. Alikuwa amemletea kuni."

 Ephantus hakuwa amejua. Baada ya Mugure kuondoka, Karagita alipapita bila kusimama wala kuangalia kando, kwa aibu, akawa anakula Gilgil.

"Unajua mimi nimejisifu na hiyo siku?" Mugure akasema. "Kwetu, kwa wamama wa kanisa. Nimesimulia wakanipigia makofi."

"Pole, mama. Pole sana. Lakini sasa umejua ukweli. Si urudi nyumbani?"

Mugure akasimama.

"Hiyo ndiyo unafikiria saa hii?"

Ephantus akageuza uso tena ukutani. 

"Tutaenda Karagita," Mugure akasema. "Wote wawili. Utamwambia yule mama mbele ya bwanake, vile umeniambia mimi. Ulikuwa unaumwa wapi, utataja. Ukiruka hapo, usinitafute tena."

"Na nisiporuka?"

"Basi tutaongea mambo ya nyumbani."

Kungoja kulichukua majuma, mpaka daktari aliporuhusu safari. Kipchoge, dereva mwenzake, akaja na pick-up, wakaweka godoro nyuma, Ephantus akalala juu yake kama mzigo wa kabeji. Mugure akakaa mbele. Ulikuwa msimu wa kampeni, na magari yenye vipaza sauti yaliwapita yakipiga kelele za kura. Ephantus hakusikia hata moja. Kila tuta la barabara lilimpanda mpaka kwenye meno. Alikuwa anarudiarudia maneno yake, na kila alipofika pale mahali penyewe pa kutaja, ulimi ulikauka. Mke ni mke, hata kama amekasirika. Lakini mwanamume mwingine, usiyemjua, unamwambiaje?

Pale kando ya barabara pipa halikuwapo. Msichana mmoja alikuwa anauza chipsi. Alisema Namalwa aliondoka zamani, lakini bwanake yuko, pale kwenye nyumba za mabati, wamuulize Makokha, yule soja, mlinzi wa shamba la maua.

Makokha alikuwa ametoka zamu, bado amevaa gambuti zake za mpira. Mwanamume mrefu, mpole wa sura. Alimwangalia Mugure mara moja tu.

"Wewe mama, nakujua," akasema.

Mugure akainamisha kichwa. Makokha akatoa kiti. Ephantus akashukuru, akasema hatakaa, akaona ndio mlango huo, auingie kabla ujasiri haujamkimbia. Akasema yote. Alitaja mahali palipomuuma, mbele na nyuma, kwa majina yake. Akataja vidonge vya kisonono, na kitanda, na kwa nini alikimbia kitanda. Hakuruka hata neno. Watu wawili waliokuwa wanapita walipunguza mwendo wakasikiliza, na hakuruka.

"Mke wako hakunijua, bwana. Nilikuwa mteja wake wa samaki tu. Ni mimi nilidanganya."

Makokha aliangalia gambuti zake.

"Kwa hivyo alikuwa anasema ukweli."

"Alikuwa anasema ukweli."

"Siku ile aliniapia kwa watoto. Alishika miguu yangu, hapa hapa. Nikamwambia achukue nguo zake." Akakohoa. "Watu wote walikuwa wananiangalia, unaelewa? Nikaona aibu."

Ephantus alielewa. Hakuna mtu Naivasha nzima aliyeelewa kumshinda.

"Yuko wapi?" Mugure akauliza. "Tutaenda. Hata kama ni mbali, nitapiga magoti."

"Alienda kwao Bungoma. Huko pia maneno yalimfuata, akatoka na watoto. Kuna mtu aliniambia amemwona Malaba. Simu yake haipiti."

Mlango wa bati ukafunguka, akatoka mwanamke kijana na mtoto mchanga mgongoni. Akawasalimu wageni kwa mikono miwili, akauliza kama aweke chai.

"Weka, mama," Makokha akasema. Kisha kwa sauti ya chini, "Huyu ndiye mke wangu sasa. Hana makosa. Msimwambie."

Ephantus alikuwa amejitayarisha kupigwa. Kwa chai hakuwa amejitayarisha. Alisimama pale akiwa ameshika kikombe cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimvunjia nyumba, chai nzuri ya maziwa, na hakujua aiweke wapi.

Makokha, kwa ule upole wake, ndiye aliyetafuta maneno. Akamgeukia Mugure.

"Na wewe, mama? Ulirudi kwa mzee?"

 Ephantus alikuwa ametimiza. Alikuwa ametaja kila kitu mchana kweupe mbele ya wapita njia, na Mugure alikuwa ameahidi wataongea mambo ya nyumbani.

Mugure alikuwa anamwangalia yule mwanamke kijana akipuliza moto, mtoto akichezacheza mgongoni.

"Nilikuwa nirudi leo," akasema kwa sauti ya chini. "Nguo zangu ziko kwa gari." Akaweka kikombe chini. "Lakini nitalalaje kwa kitanda changu, na mimi ndiye nilimtoa mwingine kwa chake?"

Ephantus akanywa chai yake yote akiwa amesimama. Makokha akachukua birika, akamwongezea chai.