Kufuli la Mjomba

Asubuhi hiyo mjomba alitangaza, kikombe cha chai mkononi, kwamba baada ya chakula cha mchana tovuti yetu ya vipuri vya magari itarudi kwenye utafutaji wa zamani. Jasho langu la mwaka mzima kuunda utafutaji mpya, kapuni.

"Tovuti inakwenda kama konokono," alisema. "Wateja wanakimbia."

"Na matusi nakula mimi," akadakia mwanawe, binamu yangu, anayepokea simu za malalamiko.

Iliniuma. Nikawasha programu ya kupima kasi ya tovuti. Tovuti yetu huhudumia wateja wengi kwa pamoja, kila mmoja na uzi wake, yaani njia yake ya kuhudumiwa ndani ya programu, na kipimo huonyesha kila uzi unafanya nini. Nilitegemea kuzikuta nyuzi zikihangaika ndani ya utafutaji wangu. Wapi! Nyuzi karibu zote zilikuwa zimesimama tu, zinangojea kufuli moja linaloruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati mmoja.

Binamu akachungulia begani kwangu. "Nani kaliweka?"

Nikafungua mstari wenyewe wa programu. Kufuli lililinda ile namba iliyo chini ya ukurasa, inayomwambia kila anayeingia yeye ni mgeni wa ngapi. Hakuna aliyepata huduma kabla ya kuhesabiwa, tena mmojammoja. Aliyeandika hayo ni mjomba, enzi anaanza biashara.

"Kamwambie wewe," binamu akanong'ona. "Mimi bado nalala kwake."

Nikamwita. Mjomba akavaa miwani, akasoma taratibu, kisha akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kumbe kikulacho ki nguoni mwako!" Akamgeukia mwanawe. "Mimi na mama yako tulikuwa tunakaa hapa kuikodolea hiyo namba, tukiomba japo mgeni mmoja." Akavua miwani. "Leo wamekuja, nami nawafungia mlango."

Nikamwambia namba yake haitafutwa. Itahesabu pembeni, bila kumzuia mtu.

"Haya, fanya. Na utafutaji wako asiuguse mtu."

Nilifurahi, sifichi. Nikarekebisha, nikawasha upya. Kurasa zikaanza kufunguka papo hapo, na simu ya binamu ikapumzika. Mjomba alivuta kiti karibu na kompyuta yangu. Namba ilikuwa inapanda haraka kuliko alivyoweza kuisoma. Akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya chake, akampigia mkewe.

"Mama watoto, hebu njoo uone wageni."