Dakika Nane za Barabara ya Usoke

...kumi na saba, kumi na nane, na hiki cha pembeni mstari umekikata chini ya nusu, Mwalimu Valentino amesema kisanduku kilichozidi nusu kihesabiwe kimoja, kisichofika nusu kiachwe, tunakadiria tu, mstari wa kulala ni muda, wa kusimama ni mwendo, na eneo lote chini ya mchoro ndio umbali pikipiki iliokwenda, halafu akatutania kwamba wapagazi wa zamani kutoka hapa Tabora hadi Ujiji mchoro wao ungekuwa bapa kama meza, mzigo kichwani, mwendo mmoja, kina mama wote wakacheka, na Tunu tunayekaa naye dawati moja akaninong'oneza, shoga, wewe hesabu, mimi nitanakili, kisha akaniona nimekwama akanisogezea kifutio chake kipya bila kuniuliza... kumi na nane... Shangazi ndiye aliyeniandikisha darasa hili la Gongoni, alisema aliyemzika mtoto apewe kitu cha kushika mikononi, sasa nimeshika penseli, na mchoro ubaoni unapanda, unakwenda juu, halafu unashuka, hapo ndipo niliposema, nikiwa nyuma ya bodaboda, "Kaka Lugembe, punguza," naye akapunguza, nikamwambia ni kwa ajili ya mashimo, mtoto anarushwarushwa, Shukrani wangu wa mwaka na miezi miwili, degedege limemshika tangu asubuhi, na mama mkwe msibani alisema polepole, wala si kwa ubaya, "Mngekimbiza tu, mwanangu," na miezi minne nimekuwa nikilihesabu neno hilo bila kujua hesabu, leo ninajua, kutoka mabani ya kukaushia tumbaku hadi geti la hospitali kilomita nne, kwa ishirini kwa saa ni dakika kumi na mbili, kwa sitini ni dakika nne, basi nilimpotezea dakika nane, nane, nesi alimfuta uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kama anamwandaa kulala, akaniuliza, "Ametulia tangu saa ngapi, mama?" nikasema sasa hivi, hapo getini... lakini hapo getini shingo yake ilikuwa baridi, na kabla ya geti, na kabla ya kusema punguza, kwenye mabani, mguu uliokuwa ukinipigapiga tumboni uliacha, nikasubiri upige tena, ukanilalia mzito, ndipo nikasema punguza, Lugembe akazima redio ya pikipiki wala hakuniuliza chochote hadi tunafika, kumbe naye... hayakuwa mashimo, nilimwambia apunguze kwa sababu tukiwa bado njiani Shukrani alikuwa mgonjwa anayepelekwa hospitali, tukifika atakuwa kitu kingine, Mungu wangu, sikumpotezea hata dakika moja, na dakika nane hizo nilizikumbatia kila usiku, ziliniuma lakini zilikuwa na mlango, ningekimbiza angekuwa hai, sasa hata ningekimbiza kama upepo ningemfikisha vilevile, mapema tu, na hiyo njia ya taratibu ndiyo mara ya mwisho niliyompakata akiwa wangu... "Bertila, kadiria tu, mama, hakuna atakayekucheka," Mwalimu anasema, chaki mkononi, anasubiri kwa upole, Tunu ameacha kunakili ananitazama, na penseli yangu bado iko juu ya kisanduku kilekile, na mimi sina tena mtu wa kumlaumu, hata mimi mwenyewe.