Kupe wa Runar na Kupe Wangu

Jirani yangu Runar aliumwa na kupe kiangazi kilichopita, akalazwa wiki tatu kwa homa ya ubongo. Alipotoka hospitali alikuwa na neno moja tu mdomoni: kondoo wangu ndio waleta kupe. Mtafiti wa kupe anayekuja akithibitisha, kumi na wawili wote waondolewe kisiwani kwetu. Bila kondoo mimi nani? Kikongwe mwenye sindano za kufumia na hana sufu.

Mtafiti mwenyewe, Tyra, ni msichana mrefu wa chuo kikuu. Kazi yake kukokota shuka jeupe nyasini. Kupe hudhani ni mnyama, wakalidandia, naye huwahesabu na kuwapeleka maabara kuwapima virusi. Alikuwa aje Jumanne mchana, akokote kwangu, kisha kwa Runar.

Basi Jumanne alfajiri nikalikokota gauni langu la kulalia malishoni, niwamalize kupe kabla hajafika. Umande ukanilowesha hadi magotini. Sikupata hata mmoja! Nikarudi kunywa kahawa kwa raha zangu.

Mchana Tyra akakokota kwangu. Kupe tisa.

"Tisa?" nikaropoka. "Mbona asubuhi hawakuwapo?"

"Asubuhi ulikuwa unafanya nini, bibi Gunvor?"

"Natembea tu, mwanangu. Kwa afya."

"Huku unakokota gauni!" Runar akadakia ng'ambo ya uzio. "Nilikuona, laghai mkubwa wewe!"

"Na wewe, mzee, alfajiri yote ile ulitoka kufanya nini?"

Runar akaiva uso kama kamba wa kuchemshwa. Kwenye uzio wake kilining'inia kitambaa cha meza cha marehemu mkewe, kimelowa chapachapa.

Tyra alicheka hadi akakaa chini, kisha akaruka juu haraka, maana alikaa nyasini. "Mmejisumbua bure nyote! Nyasi zikiwa na umande, kupe hawashiki kitambaa. Ndiyo maana mimi husubiri zikauke."

Kwa Runar akapata arobaini na mmoja. Kule nyasi zinafika kiunoni, na paa wanalala humo.

"Kwa bibi kondoo wamezifupisha," Tyra akasema. "Jua linapiga mpaka chini. Kupe hawapendi ukavu."

Runar akakohoa. "Hao kondoo wako, Gunvor... nyasi ndefu wanakula?"

"Wanakula. Ila hawaendi kwa mtu aliyewatukana. Waombe radhi kwanza."

Akavua kofia langoni, akawaomba radhi mmoja mmoja. Alipofika kwa wa saba nikamwambia huyo hasikii vizuri, arudie.