Filimbi ya Kukulia

Kitendawili! Sema "tega," na useme kama mtu aliyekula akashiba. Haya: nina binti mwembamba asiye na ulimi, ukimwacha macho wazi anahema tu, ukimziba macho ndipo anaposema. Ni nani huyo? Fikiri. Umeshindwa? Ilikuwa unipe mji, lakini najua huna hata kiwanja, basi nimekusamehe. Ni filimbi. Macho yake ni yale matundu. Vidole vikiyafunika sawasawa, inasema. Vikiacha upenyo, upepo unatoroka na sauti inafia njiani.

Mjukuu wangu mmoja, siku niliyomtegea hicho, alinijibu kabla sijafika mwisho, maana filimbi ndiyo ilikuwa roho yake. Tulimwita Kijiti kwa wembamba wake. Mimi nilimwita mke mwenzangu, naye alikuwa akinijibu kwamba angewahi kuzaliwa, marehemu babu yake asingenitupia jicho mara ya pili. Mtoto mwenye maneno huyo! Nasema alikuwa, kwa sababu siku hizi hasemi sana.

Mama yake, yaani binti yangu, ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Fundi, hata mimi niliyemzaa. Kazi yake ni sare za shule, na sifa yake ni moja: hamshonei mtoto wa leo, anamshonea mtoto wa mwaka keshokutwa. Sketi ina pindo la upana wa kiganja, mikono ya shati imekunjwa kwa ndani, kiuno kimewekewa akiba. "Ataikulia," huwaambia wazazi, pini zikiwa mdomoni, na wazazi huondoka wakicheka. Mtoto sasa ndiye anayetembea mwaka mzima kama amevaa hema.

Kijiti alikuwa akipiga filimbi ya shule. Siku moja mwalimu wake wa muziki akatuita, akatuambia okestra ya vijana inatafuta mpiga filimbi mmoja, na kwamba kwa sikio alilonalo, Kijiti anaweza kuipata nafasi hiyo. Ila filimbi za shule hazitoki shuleni. Anayeingia okestra huja na yake.

Mtoto alirudi nyumbani akirukaruka. Mama yake hakuruka. Alisimama mbele ya cherehani, akaupitisha mkono juu ya kitambaa kama anayetafuta kitu alichokidondosha. Lazima nikueleze: Fundi naye alipiga filimbi alipokuwa shule, na alipiga hasa. Alipomaliza masomo, filimbi ilibaki kabatini shuleni, yeye akaja nyumbani na vidole vitupu. Nilidhani alishasahau.

Tukaenda dukani sisi watatu. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, magitaa yananing'inia ukutani kama nyama buchani. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alitandika kitambaa cheusi mezani, akazilaza filimbi tatu polepole, kama mkunga anayelaza watoto. Kisha akaweka mikono nyuma.

"Kabla sijasema lolote," akasema, "ni ya nani? Nani ataipiga?"

"Tuonyeshe kwanza," akajibu Fundi.

Basi akatuonyesha. Ya kwanza ilikuwa ya anayeanza: nyepesi, imara, na kila tundu lina kifuniko kizima, hata kidole kikikaa upande, sauti inatoka. Ya pili ilikuwa ya aliyekwisha kuzoea. Kichwa chake, pale pa kupulizia, kilikuwa cha fedha, na baadhi ya vifuniko vyake vilitobolewa katikati, kidole chenyewe ndicho kinachoziba.

"Lakini ina vizibo vidogo," akasema, akatumwagia kiganjani vitu mithili ya mbegu. "Unaviweka vyote. Mtoto akikua, unatoa kimoja, halafu kingine."

"Kumbe hiyo nayo ina pindo!" nikasema, nikamtazama binti yangu. Hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye ile ya tatu.

Ya tatu ilikuwa ya bingwa. Fedha tupu, nene, nzito, mguu wake, kile kipande cha mwisho, mrefu kuliko wa zile nyingine, vifuniko vimepangwa mstari mmoja mnyoofu mpaka kidole cha pete lazima kijinyooshe kukifikia cha kwake.

Kijiti akajaribu ya pili. Alipuliza wimbo mfupi wa shuleni, na sauti ikatoka ya mviringo, haina makunyanzi. Akaishusha, akatutazama mmoja mmoja, meno yote nje. Halafu akajaribu ya tatu. Ikatoa pumzi, ikatoa mluzi, ikatoa pumzi tena.

"Nipe mimi," akasema mama yake.

Alikuwa hajashika filimbi tangu ujana wake. Alijifuta midomo kwa upindo wa kanga, akainyanyua, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. Mwanzo ikakwaruza. Halafu, wajukuu zangu, ile sauti! Kijana aliyekuwa akijaribu gitaa kule mwisho akaacha. Hata mimi nilisahau nimesimama kwa mguu mbovu.

"Dada, kumbe wewe ni mtu wa kazi hii," muuzaji akasema.

Fundi akaona haya kama bibi harusi. "Nifungie hii."

"Mama," akasema Kijiti, "ile ya katikati..."

"Utaikulia."

Muuzaji akakuna ndevu. "Dada, samahani. Vizibo hata vya hii ninavyo, lakini pumzi haina kizibo. Hii inataka kifua cha mtu mzima."

"Mimi ni fundi wa nguo, bwana. Najua kumpima mtoto."

"Nguo ikizidi, mtoto anapwaya. Filimbi ikizidi, mtoto ananyamaza. Nakuuliza tena, nani ataipiga?"

Lakini Fundi alikwisha kuinama kwenye mkoba wake, anatoa akiba ya sare za msimu mzima. Muuzaji akashusha pumzi, akaifunga. Akasema isipokwaruzwa, ataibadilisha na ya pili wakati wowote kabla ya mwisho wa mwezi.

Tulipotoka nje nikamwambia, "Yule bwana kakuuliza mara mbili, mwanangu. Hukumjibu hata moja."

"Mama, angalia gari, utagongwa."

Barabara ilikuwa nyeupe, haina hata baiskeli.

Kijiti alijitahidi, asikwambie mtu. Alikaa na ile filimbi kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia unatetemeka kwa uzito, anapuliza mpaka macho yanamtoka. Sauti za juu zilipatikana. Za chini zilikuwa kama mtu anayepoza uji. Akichoka, mama yake humwambia, "Lete nikuonyeshe." Na kuonyesha kulikuwa kurefu kuliko kujifunza. Mtoto anakaa, mikono mapajani, anaonyeshwa. Nami nachambua mchele, namwona mmoja ananenepa kwa furaha na mwingine anakonda, na kukonda kwenyewe Kijiti hakuwa na pa kukutoa.

Siku ya kusikilizwa na watu wa okestra tulikaa koridoni, mimi na Fundi. Nilimsikia mjukuu wangu kupitia mlango. Alianza vizuri. Wimbo ulipoteremka chini, sauti ikakatika, akarudia, ikakatika. Mara ya tatu hakurudia.

Mwalimu wake wa muziki, naye akiwa mmoja wa wasikilizaji, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. "Mtoto hana kosa," akasema. "Chombo kimemzidi. Nimeongea na wenzangu, nafasi hatujampa mtu. Kambadilishieni, aje na inayomfaa Ijumaa saa kumi, tutamsikiliza tena. Baada ya hapo sina la kufanya."

"Tumekusikia, mwalimu," akasema Fundi, akiinamisha kichwa. Nikashukuru Mungu.

Jumatatu nikamwambia twende dukani. "Kesho, mama. Nina mashati ya watu." Jumanne cherehani ilikatika mkanda. Jumatano mvua. Mvua yenyewe ilikuwa manyunyu ambayo hata kuku hawakuyakimbia.

"Nipe mimi niipeleke," nikasema.

"Na mguu huo? Ukianguka nayo?"

Danadana, wajukuu zangu. Na kila alasiri, kazi ikipoa, nilisikia filimbi nyuma ya pazia la chumba cha kupimia nguo. Wateja wakaanza kusimama barazani kusikiliza. "Fundi, kumbe una mambo!" Naye akatoka akicheka, nyuzi zimemganda kwenye nywele, kijana kuliko nilivyomwona miaka mingi. Nani angemchukia mwanawe aliyefurahi hivyo? Mimi sikumchukia. Lakini nilikuwa nikihesabu siku za kufika Ijumaa.

Alhamisi Kijiti aliipangusa filimbi mwenyewe, akaipanga ndani ya boksi lake vipande vitatu, akaweka boksi mlangoni ili lisisahaulike. Mama yake alilipita akienda, akalipita akirudi.

Ijumaa, mtoto alitoka shule mbio. Akanawa uso, akavaa sare yake, ile yenye pindo la kiganja, akachukua viatu mkononi. Boksi halikuwa mlangoni. Akanitazama. Nikatazama pazia, maana sauti ilikuwa imeshaanza, nzuri, ndefu, ya chini kabisa, ile iliyomshinda yeye.

Akaenda akalivuta pazia. Mama yake alikuwa amesimama katikati ya sketi zilizoning'inizwa, amefumba macho.

"Mama," akasema Kijiti. "Duka halijafungwa. Tukiondoka sasa tunawahi."

Fundi akashusha filimbi. Hakuitoa mkononi.

"Mama, twende."

Fundi akaitazama ile fedha, akafuta kwa kidole gumba alama ya midomo yake.

Mtoto akaviweka viatu chini. Hakulia, na bora angelia.

"Yule bwana alikuuliza mara mbili," akasema. "Bibi akakukumbusha. Sasa nakuuliza mimi. Ni ya nani?"

Nikamwona binti yangu akifungua mdomo aseme lile neno lake la siku zote, lile la kukulia. Lilikataa kutoka. Akaikumbatia filimbi kifuani kama mtu anayeficha kichanga, akamtazama mwanawe usoni kwa mara ya kwanza wiki ile nzima.

"Yangu," akasema.