Injini ya Hilari

Watu wa Michenga waliacha kupita mbele ya nyumba ya Hilari. Walianza wanawake waliokwenda kuteka maji: wakajikatia njia nyingine katikati ya matete, ingawa huko tope liliwafika magotini. Kisha wanaume nao wakaifuata. Klementina, mkewe Hilari, akiwa jikoni alisikia sauti zao zikija, zikanyamaza zilipokaribia ua, zikaanza tena mbele kidogo. Kila zilipokatika, tumbo lake la mimba, lililokwisha kushuka, lilijikaza.

"Watarudi," Hilari alisema. "Siku watakapoona mchele unatoka mweupe bila mtu kushika mchi, watasukumana hapa mlangoni."

"Na mimi nikishikwa na uchungu kabla ya siku hiyo?"

"Shangazi yupo."

Shangazi Balbina, dada wa marehemu baba yake Hilari, ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa kijiji kizima. Lakini tangu injini iingie hapo nyumbani hakuwa amekanyaga uani, hata kwa salamu. Klementina alilijua hilo, na Hilari alilijua pia, ila yeye alikuwa na desturi ya kulitazama jambo baya kana kwamba liko kwa jirani.

Injini yenyewe aliitoa Kimamba, kwenye shamba la mkonge alikofanya kazi ya kupaka grisi. Walipoitupa kwa uzee aliiomba, akaileta kwa treni, kisha kwa lori hadi Ifakara. Mafuriko yalipojaa bondeni, rafiki yake Wendelin alifunga mitumbwi yake miwili ubavu kwa ubavu wakaivusha hadi Michenga. Hilari alitaka kuwa mtu wa kwanza kijijini mwenye mashine ya kukoboa mpunga. Kwa ajili hiyo aliuza baiskeli. Msimu ule hawakupanda chochote, kwa kuwa muda wote ulikwenda kwenye banda. Mwishowe aliezua mabati ya nyumba yao akaliezekea banda, na wao wakarudi kulala chini ya nyasi zilizovuja.

"Injini haipatani na mvua," alimwambia mkewe.

"Kwani mimi napatana nayo?"

Hilari alicheka, akambusu kichwani, akaenda kupanga mabati. Klementina alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja, aliyefia tumboni mwaka uliotangulia, Balbina akiwa ng'ambo ya mto na maji yamejaa. Hakucheka.

Kosa kubwa la Hilari lilikuwa ua. Alilizungushia banda matete marefu, yaliyosukwa hadi jicho lisipite, na hakumruhusu mtu kuingia. "Mtu akiona tu namna ilivyo, mwakani naye ataleta yake," alisema. Kwa hiyo watu hawakuona kitu. Walisikia tu kitu kikikohoa humo ndani, kikinguruma, kikinyamaza. Na waliona maji ya kupozea, yaliyokaa katika pipa lenye kutu, yakitoka chini ya ua na kuingia mtaroni, mekundu.

Ndipo Kelestini mvuvi alipopotea. Mtumbwi wake ulikutwa umepinduka kwenye mafunjo. Mwaka mwingine wangesema ni kiboko, wakalia, wakafanya matanga. Mwaka ule walitazama mtaro wa Hilari. Mumiani, walisema, wale wanaokamata watu na kuwanyonya damu, sasa wana mtu wao Michenga, na lile dude haliendi kwa mafuta.

Uchungu ulimshika Klementina asubuhi, mvua ikinyesha. Hilari alikimbia kwa Wendelin kuomba mtumbwi wa kumpeleka mkewe hospitali ya misheni, Ifakara. Alirudi peke yake, nguo zimemgandama mwilini.

"Amesemaje?" Klementina aliuliza.

"Anasema mtumbwi umepasuka. Nikamwambia, ndugu yangu, nauona huo hapo, mzima. Akasema, basi mimi ndiye niliyepasuka, nenda."

Hakukaa. Alikwenda kwa shangazi yake, na safari hii hakurudi peke yake. Kupitia ufa wa ukuta, pale udongo ulipobanduka, Klementina aliwaona: Balbina mbele, kanga kichwani, na nyuma yake kundi la watu wenye mapanga na miti ya kusukumia mitumbwi. Walisimama mwisho wa uwanja kama waliokuta mto.

"Shangazi, nakuomba," Hilari alisema. "Anaumwa."

"Namsikia, baba. Masikio ninayo." Balbina alinyosha kidole bandani. "Lifungue lile dude. Lote. Nilione tumboni mwake, na hawa waone. Nikikuta hamna kitu naingia."

"Na tukikuta kitu?" mtu mmoja aliuliza kutoka nyuma.



"Shangazi, mimi nilifundishwa kuiwasha na kuizima," Hilari alisema polepole. "Nikiifungua, sijui kuifunga."

"Basi nami siingii," Balbina alisema.

Hilari aligeuka akaitazama nyumba, kisha akalitazama banda. Alisimama hapo katikati ya uwanja, mvua ikimtiririka usoni, na hakusogea. Klementina aliukamata mti wa ukutani. Maumivu aliyajua, yalikuja na kuondoka. Lakini kimya kile cha mumewe hakukijua. Mtu aliyewaondolea mabati juu ya vichwa vyao alikuwa anapima kitu kingine sasa, na yeye alikuwa upande mmoja wa mizani.

Kisha akasikia matete yakivunjika. Hilari alikuwa anauangusha ua kwa mikono yake.

Baada ya hapo zilikuja sauti za chuma. Nati moja baada ya nyingine ilianguka ndani ya sufuria. Kila kipande alikiinua watu wakione, akakilaza juu ya mkeka.

"Hicho nini?"

"Chujio la mafuta."

"Na hilo bomba? Ndilo la kunyonyea?"

"La moshi. Weka mkono, umeogopa nini?"

"Weka wewe, lishakuzoea."

Wachache walicheka, kicheko cha watu walio tayari kukimbia. Klementina alilala ubavu juu ya ngozi ya mbuzi, akaiuma kanga. Maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Kitu kilisukuma kwa nguvu, kikakwama, na ndani ya kukwama kule aliutambua mwaka jana. Ilikuwa vivi hivi. Huko nje Hilari alifikia kichwa cha injini, na bolti ya mwisho ilikuwa imeshikwa na kutu. Klementina alisikia spana ikiteleza, Hilari akiguna, watu wakisema, "Ee, hapo ndipo hataki pafunguke. Hapo hapo."

"Shangazi," Klementina aliita. Hakuwa na nguvu ya kuita mara ya pili.

Mlango wa nyuma, wa jikoni, ulisukumwa. Balbina aliingia ameinama, akipumua kama aliyefukuzwa. Alirudishia mlango kwanza.

"Nyamaza," alinong'ona. "Wakijua nimeingia kabla hawajaona, watasema mimi pia ni mtu wa mumiani. Geuka. Piga magoti. Mtoto amekaa vibaya."

"Unaogopa, shangazi?"

"Sana. Sukuma."

Alisukuma. Balbina aliingiza mkono, akafanya jambo ambalo Klementina aliliona kama moto, na kile kilichokwama kikalegea. Wakati huo huo, huko bandani, nyundo ilishuka. Ilishuka tena. Mara ya tatu haikulia kama chuma kinachopigwa. Ililia kama chungu kinachopasuka.

"Masizi," mtu alisema hatimaye. "Masizi na mafuta tu."

"Hebu niangalie."

"Angalia. Hamna kitu."

Mtoto akalia, wa kiume, sauti ndogo yenye hasira.

Hilari aliingia, mikono myeusi hadi viwiko. Alimwona Balbina akimpangusa mtoto, akakaa chini pale mlangoni.

"Umekuja," alisema. "Ulipoona hamna kitu, ukaja."

Balbina aliendelea kupangusa pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Ndiyo," Klementina alisema. "Alipoona, akaja."

Hilari alitikisa kichwa taratibu. "Kichwa cha injini kimepasuka katikati. Hakiungiki hata kwa fundi. Lakini kama nisingekipiga…" Akamtazama mtoto, akatabasamu kwa mdomo tu. "Basi. Si mabaya. Kimelipia kitu."

Nje watu walikuwa wamejaa bandani, wakishika vyuma na kuulizana kila kimoja ni cha nini. Mmoja alikuwa tayari anaomba apewe kifuniko akafanyie kikaango. Klementina alimtazama Balbina, naye Balbina akamtazama, na kila mmoja aliona kwamba mwenzake amekwisha kuapa kutolisema. Siku moja ulimi utateleza, msibani au kwenye pombe, na Hilari atajua kwamba Balbina aliingia kabla ya nyundo ile kushuka, na kwamba haikuhitajika. Atamtazama mwanawe kwa macho gani siku hiyo?

Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, hata Balbina akamwambia alegeze mkono.