Mama Mkwe Anakwenda na Nani

Mimi kesi za talaka naanza na vitu vya ndani. Watu wakigombania makochi mpaka wakachoka, hasira hupoa na mazito yanazungumzika. Ndivyo ninavyofanya kazi ya uwakili tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Siku moja mume na mke waliokuja ofisini kwangu waligawana kila kitu bila kelele. Nikafunga kalamu, nikashukuru Mungu.

“Bado mama mkwe,” mke akasema. “Naondoka naye.”

Mume akaruka kitini. “We! Huyo ni mama yangu, kanizaa mimi!”

“Kukuzaa kakuzaa. Haya, dawa yake ya presha anakunywa saa ngapi?”

Bwana akatazama dari, utadhani jibu limebandikwa huko. Nilitamani kumzaba kofi, ila sheria hairuhusu. Nikamgeukia mama mwenyewe, aliyekaa pembeni, mkoba mapajani.

“Mama, wewe wasemaje?”

“Nakwenda na binti yangu,” akajibu, keshasimama zamani. Mlangoni akageuka, akamwona mwanawe kajikunyata, huruma ikamshika.

“Usinune, baba. Jumamosi nitakuja kukuona. Ila nikute umefagia.”