Kaptura Haina Mifuko

Wanaosimulia habari za Pamonha huanzia Rio, alikocheza winga ya kulia miaka saba na kuwakalisha chini mabeki wenye majina makubwa. Mimi naanzia hapa Pedra Mansa, mwaka wa hamsini na nne, siku aliyonikosesha nguruwe. Nilikuwa kocha wake, na kinyongo bado ninacho.

Jina lake la ubatizo ni Deoclécio. Tulimwita Pamonha kwa sababu mama yake, mjane, alipika pamonha, vile vikate vya mahindi vya kufungwa kwa maganda, na kuziuza kwenye geti la kiwanda cha nguo, na mteja mkubwa alikuwa mwanawe, asiyelipa. Miguu myembamba, akili za kuku. Lakini mpira ukimfikia, beki anabaki kakumbatia hewa.

Shida ilikuwa Jandira. Pamonha alitaka kumuoa, na baba wa binti, Mzee Osório, ndiye beki wa kushoto wa timu ya reli: miaka arobaini na tatu, masharubu, magoti yanayolia. Winga wetu wa kulia hana njia nyingine ila kwake. Ijumaa kabla ya fainali yetu na reli Pamonha akaenda nyumbani kwao, akainamisha kichwa kama mtoto yeyote wa kwetu mbele ya mzazi. "Baraka, baba."

Kwetu mzee akiombwa hivyo huinua mkono na kubariki. Huyu akatia mikono mifukoni.

"Sina baraka za kumpa mtu anayekula kwa kukimbia wenzake," akasema. "Na Jumapili ukinipiga tobo mbele ya mke wangu, Jandira utamwona kwenye picha."

Kombe lenyewe lilikuwa la bati, ila lilikuja na nguruwe mzima, na mimi nilikwisha alika watu. Kipindi cha kwanza winga wangu akacheza kinyumenyume. Akimfikia Mzee Osório, anageuka, anamrudishia kipa mpira.

"We Pamonha!" nikafoka wakati wa mapumziko. "Unaoa au unacheza?"

"Vyote, kocha." Akanyonya chungwa lake. "Lakini umeona? Kaptura ya mpira haina mifuko."

Nikajua jua limempanda kichwani.

Dakika ya themanini na tano, bila kwa bila, akapata mpira, akaingia nao kwenye boksi, akasimama mbele ya mzee na kuinamisha kichwa. "Baraka, baba!"

Mzee Osório ana watoto tisa, na wa ubatizo hata yeye hajui idadi yao. Mkono wake umeitikia maneno hayo maisha yake yote. Ukatafuta mfuko, ukakosa, ukapanda wenyewe. "Mungu akubariki, mwanangu..." Hapo hapo Pamonha akapiga shuti, na mpira ukagonga kiganja.

Mwamuzi wetu, Genésio muuza dawa, akapuliza filimbi. Penalti.

"Penalti gani, we kipofu?" mzee akang'aka. "Sikushika mpira, nilikuwa nabariki!"

"Unambariki nani?"

"Si huyu hapa, mkwe wangu!"

Uwanja mzima ukasikia. Masharubu yakamshuka, lakini neno lilikwisha toka. Genésio akamgeukia Pamonha. "Ni kweli uliomba baraka?"

"Kana!" nikapiga kelele. "Sema ulikuwa unapiga chafya!"

Akikana, penalti ni yetu na nguruwe ni wetu. Mjinga yule akanitazama kwa huruma kabisa. "Niliomba, na baba kanipa."

"Baraka si faulo," akaamua Genésio. Reli wakapewa mpira, wakaenda kufunga huku mabeki wangu wakiipigia makofi posa.

Nguruwe aliliwa harusini. Niliapa sitakanyaga, kisha nikaenda kwa ajili ya nguruwe tu. Nilisimama mlangoni na sahani yangu imejaa, nimejiapiza hata salamu simpi, Pamonha akaja na suti ya kuazima. Akainamisha kichwa.

"Baraka, kocha. Mimi baba mwingine sina."

Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe, pamoja na sahani. Nikambariki huku nalia, na nyama yote ikamwagikia suti ya watu.